Krapf: Mtu Aliyeomba Huku Kazi Haionyeshi Faida

Wiki hii nawaletea habari za mtumishi ambaye historia yake iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Ukitoka hapa Bombolulu ukashuka upande wa Nyali, huko ndiko alikomzika mkewe na mtoto wake. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa Januari 1810 kule Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Akasomea utumishi Basel, na mwaka 1837 shirika la CMS likamtuma Uhabeshi. Baada ya miaka michache mlango ule ukafungwa, akazuiwa kurudi kwenye kituo chake. Kazi yake ya kwanza ikafa hivyo.

Hakurudi kwao kukaa. Januari 1844 alifika Unguja, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Julai mama akajifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa ikamchukua mama, kisha na mtoto naye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Wapendwa, huyu ni mtu aliyeomba sana, na bado alizika watu wawili ndani ya siku chache. Aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile liwe ishara kwao kuwa kazi ya pwani hii imeanza.

Naikazia sehemu hii kwa sababu mimi ni mfanyabiashara mdogo, nauza nguo pale Kongowea. Najua wiki ambayo mzigo hauendi, kodi ya kibanda imefika, na chama kinangoja marejesho. Katika hali hiyo utasikia mtu akikwambia biashara imeanguka kwa sababu imani yako ni ndogo. Neno hilo limewaumiza wengi, na wengine wameacha kuja ibada kwa aibu. Basi tumuulize Krapf: je, imani yake ilikuwa ndogo?

Tuone alivyofanya. Kabla ya msiba alikuwa ameshaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Baada ya msiba akaendelea na daftari lile lile, neno kwa neno. Johannes Rebmann akaja 1846, wakafungua kituo Rabai. Miaka ikapita, watu wakisikiliza na kwenda zao. Mmoja wa wale wachache sana walioamini alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa 1851 akiwa karibu kufa. Sisi majirani wa karakana za watu wenye ulemavu hapa Bombolulu tunajua vizuri kwamba mtu kama huyo Mungu hamhesabu kuwa mdogo.

Mwaka huo huo alisafiri Ukambani na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Karibu na mto Tana wakavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alichota maji ya mtoni kwa mfuko wa ngozi wa darubini yake, akawa anajificha mchana na kutembea usiku. Akafika Rabai akiwa hai. Mwaka 1853 afya ikamshinda, akarudi Ulaya. Kwa hesabu ya sokoni, hiyo ni hasara tupu.

Lakini mwaka 1875 CMS ikaanzisha Frere Town hapa hapa Kisauni, mahali pa watumwa walioachiliwa huru. Kengele yao ndiyo iliyolipa jina stendi yetu ya Kengeleni. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882. Yeye hakuiona: alifariki Novemba 1881 kule Korntal, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Maombi yalikuwa bado ni kazi yake ya kila siku.

Mimi najifunza hivi. Maombi hayakumwondolea Krapf hasara, ila yalimfanya aamke kesho yake akashike kalamu. Kwa hiyo ndugu yangu, omba, halafu fungua kibanda. Andika mauzo yako kwenye daftari. Kama deni limekuzidi, nenda ukaongee na unayemdai… samahani, na yule anayekudai, kabla hajakutafuta. Na wewe ambaye biashara yako inakwenda vizuri, usimpime imani mwenzako kwa mzigo uliobaki kibandani. Mtembelee, uombe naye, na ukiweza nunua kwake.

Someni Wagalatia 6:9 nyumbani wiki hii, mkiwataja kwa majina wale waliofunga duka.

Mungu awabariki.