John Moses Browning

John Moses Browning (Ogden, Utah, 23 Januari 1855 – karibu na Liège, Ubelgiji, 26 Novemba 1926) alikuwa mbunifu wa silaha kutoka nchini Marekani. Alijifunza kazi katika karakana ya baba yake Jonathan, aliyekuwa fundi bunduki.

Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilinunua haki za bunduki yake ya risasi moja kwa dola 8,000. Wakati huo bunduki ya wenzo ya Winchester, Model 1876, haikuweza kutumia risasi kubwa ya .45-70 ya jeshi la Marekani. Browning akabuni Model 1886: wenzo ukifungwa, vyuma viwili hupanda wima na kulikaza komeo. Ilikuwa imara kuliko ile ya awali, na wenzo wake ulikwenda kwa ulaini zaidi. Baadaye alibuni Model 1895. Theodore Roosevelt alibeba bunduki ya aina hiyo, ya risasi ya.405, alipowinda katika Kenya ya leo mwaka 1909.

Winchester walimlipa mara moja tu kwa kila ubunifu, hata ule wasioutengeneza, ili usiwafikie washindani. Mwaka 1902 alidai mrabaha wa mauzo kwa bunduki yake ya marisau inayojipakia yenyewe. Walikataa, naye akaipeleka kwa kampuni ya FN ya Ubelgiji. Kwa kubana gharama hiyo Winchester walimpoteza mbunifu wao bora.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini katika kiwanda cha FN.