Edgar Codd, mtu aliyelinda rejista za zamani

Butembo, duka, hospitali ao kooperative ikitaka kubadilisha programu ya ordinatere, ulizo la kwanza ni lile lile: majina na hesabu za zamani zitafunguka? Edgar Codd njo alitafuta jibu.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1923 huko Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hesabu na kemia Oxford, na wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa rubani wa jeshi. Mwaka 1948 akaenda Marekani, akaingia kazi ku kampuni IBM. Mwaka 1953 akahamia Kanada, kwani alichukia namna seneta McCarthy alivyowaandama watu sababu ya siasa. Alirudi kisha, na mwaka 1965 akapata udaktari Michigan.

Siku zile, programu ilipaswa kujua habari zimewekwa wapi ndani ya mashini na zinafikiwa kwa njia gani. Ukibadilisha mpango huo, programu inakufa, inaandikwa upya. Mwaka 1970 Codd akaleta wazo lingine: habari zote zikae ndani ya majedwali. Mtu aseme tu anachotaka, mashini itafute njia yenyewe. Chini kukibadilika, juu kazi iendelee.

IBM haikuharakisha, maana ilikuwa tayari inauza IMS, programu ya mpango wa zamani. Oracle ikaitangulia sokoni mwaka 1979, IBM ikafuata 1981. Mwaka huo Codd akapewa zawadi ya Turing. Mwaka 1985 akatoa kanuni 12, sababu wauzaji walibandika jina jipya ku programu za zamani. Kanuni ya 8 na ya 9 zinadai mabadiliko ya hifadhi ao ya majedwali, kama hayapotezi habari, yasivunje programu zilizopo.

Alikufa tarehe 18 Aprili 2003 Florida, akiwa na miaka 79.

Wazo lake bado linasaidia, lakini haliondoi hatari yote. PostgreSQL, kwa mfano, toleo kubwa jipya halisomi mafaili ya toleo la zamani moja kwa moja: lazima kuyahamisha. Majedwali na maombi, yenyewe, yanabaki karibu vile vile. Njo maana fundi mwenye akili anafanya kopi kwanza, anajaribu toleo jipya ku mashini ingine, anahesabu kama majina yote yamefika, kisha njo anafunga la zamani.