Zélie Martin: Mke Aliyejifunza Kushukuru



Ni mara ngapi kwa siku ninyi wawili humshukuru Mungu? Kuomba tunajua sana. Tunaomba karo ya shule, tunaomba mvua, tunaomba mtoto apone. Shukrani tunaziweka hadi Misa ya Jumapili, na hata huko wengine hufika wamechelewa. Leo nawaletea maisha ya mama mmoja aliyekuwa na kazi, mume na watoto kama ninyi. Mtaona jinsi sala ya shukrani ilivyoitunza nyumba yake.

Zélie Guérin alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Msidhani alizaliwa na moyo mchangamfu. Mama yake alikuwa mkali, na utoto wake ulikuwa wa huzuni. Hakupata hata mwanasesere wa kuchezea. Alipokuwa msichana alitaka kuwa sista, lakini mkuu wa masista katika mji wa Alençon alimwambia kwamba huo haukuwa wito wake. Basi akajifunza kushona lesi. Lesi ya Alençon hutengenezwa kwa sindano na uzi, na sentimita moja tu ya mraba huchukua kama saa 7. Akafungua biashara yake mwenyewe, akawapa kazi wanawake wengine.

Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi saa, ambaye naye aliwahi kutamani utawa. Kila siku saa 11:30 alfajiri walihudhuria Misa. Majirani waliposikia mlango wao, walijua ni akina Martin wanakwenda kanisani, na kwamba wao wenyewe bado wana muda wa kulala. Watoto walipoamka, mama aliwafundisha kumtolea Mungu moyo wao kabla ya jambo lingine lolote. Jioni wote walipiga magoti pamoja mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Jumapili Louis alifunga duka, hata kama wateja walikwenda kwingine.

Na katikati ya siku? Barua za Zélie zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Humo habari za lesi, za homa za watoto na za Mungu zimechanganyika. Hakungoja kazi iishe ndipo amkumbuke Bwana. Pia alimshukuru Mungu kwa ajili ya mume wake. Aliandika kwamba Louis anamfurahisha maishani, na kwamba angetamani wanawake wote wapate mume kama huyo. Bibi msomaji, mara ya mwisho ulimsifu mumeo lini? Nawe bwana, mkeo amewahi kukusikia ukimshukuru Mungu kwa ajili yake?

Msiseme kwamba maisha yao yalikuwa mepesi. Walizaa watoto 9. Kati ya mwaka 1867 na 1870 walizika 4: wavulana wawili wachanga, Hélène wa miaka 5, na msichana mwingine mchanga. Watu walimwambia Zélie kwamba ingekuwa heri asingewazaa. Hakukubali. Aliumia sana alipowafumba macho, lakini alisema kwamba hajutii taabu aliyoipata kwa ajili yao, kwa kuwa wanaishi kwa Mungu. Ninyi mliozika mtoto mnajua uzito wa jambo hilo. Shukrani yake haikumzuia kulia. Ilimzuia kukata tamaa.

Mwaka 1870 Louis aliacha duka lake la saa ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Kisha Zélie akapatwa na saratani ya titi. Mwezi wa Juni 1877 alihiji Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa kuomba uponyaji. Hakupona. Louis alikuwa nyumbani akingoja kwa wasiwasi, akashangaa kumwona mkewe akirudi na uso wa furaha kana kwamba ameponywa. Furaha hiyo ilimpa Louis nguvu mpya, na nyumba nzima ikachangamka. Zélie alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 45. Binti zake wote watano walikuja kuwa watawa, na kitindamimba ndiye Mt. Teresa wa Mtoto Yesu. Louis alifariki mwaka 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu.

Wapendwa, furaha ya Zélie haikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ilijengwa kila siku, tangu alfajiri hadi usiku. Nanyi mnaweza kuanza. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, mtoleeni Mungu siku yenu kwa pamoja, hata kama ni kwa Baba Yetu moja. Saa sita mchana, mmoja akiwa shambani na mwingine ofisini au sokoni, kila mmoja asali Malaika wa Bwana akimkumbuka mwenzake. Usiku, kabla ya kuzima taa, kila mmoja amshukuru Mungu kwa sauti kwa jambo moja jema alilotendewa na mwenzake siku hiyo. Hata siku mliyogombana, litafuteni mpaka mlipate.

Watakatifu Louis na Zélie Martin, mtuombee.