Krapf hakukariri Kiswahili

Ukipita ufuoni Diani jioni utamsikia kijana wa Ukunda akibishana bei na mgeni kwa Kijerumani, kisha dakika mbili baadaye anamgeukia mwingine kwa Kiitaliano. Muulize amesomea wapi. Hajasomea popote. Alisikia, akajaribu, akachekwa, akarekebishwa, akauza kinyago chake. Sasa mchukue yule aliyekaa darasani miaka minne na lugha ya kigeni, cheti anacho, halafu mwambie aulize tu choo kiko wapi. Utangoja sana.

Basi leo nakupa habari za Mjerumani aliyefanya kama huyo kijana wa Diani, ila yeye alikuja huku kujifunza lugha yetu. Unamjua. Johann Ludwig Krapf, yule wa Masomo ya Jamii: mmishenari, Rabai, Mlima Kenya, 1849. Ulimmeza usiku, ukamtema kwenye karatasi ya mtihani asubuhi, mkaachana hapo. Vile alivyojifunza mwenyewe hukuulizwa, na ndiyo sehemu tamu.

Alizaliwa 1810 kijijini Derendingen, karibu na Tübingen, mtoto wa mkulima. Akiwa shuleni aliona kwenye atlasi kwamba upande huu wa Afrika umeachwa karibu mtupu, majina ya kuhesabu. Pale pasipoandikwa kitu ndipo palipomvuta. Mwaka 1837 akaenda Ethiopia, akakaa Shoa, akajifunza Kiamhari na Kioromo. Njia ya kurudi Shoa ilipofungwa, akazunguka kwa bahari na Januari 1844 akawa Zanzibar. Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na Mei yeye na mkewe Rosine wakahamia Mombasa.

Sasa tega sikio. Juni 8, 1844, wiki chache tu baada ya kufika Mombasa, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hebu fikiria. Hakuna kitabu cha sarufi cha kusomea, hakuna kamusi, na yeye mwenyewe bado anababaika. Wengi wetu tungesema ngoja kwanza niijue lugha, kazi baadaye. Yeye alitanguliza kazi, lugha ikamfuata nyuma. Akaketi na kadhi wa Mombasa, mstari kwa mstari, na kila mstari ukamlazimisha kuuliza: hili mnalisemaje, na hili je? Alipokosea, aliyejua alikuwa amekaa mbele yake, akamnyoosha palepale. Kosa halikupata muda wa kuota mizizi.

Wewe unayengoja KCSE pale Msambweni unaweza kuifanya leo bila senti. Funga daftari la biolojia, mweleze mdogo wako figo inavyofanya kazi, kwa Kidigo ukitaka. Utakwama mahali. Pale unapokwama ndipo hukuelewa, hata kama ukurasa mzima umeupaka rangi ya njano. Kusoma mara ya tano kunakupa raha ya kuona maneno unayoyajua, na ile raha wengi huidhania kuwa ni kuelewa. Nimekaa chuo muda wa kutosha kabla sijaacha, nimewaona wanaopasi hivyo, na muhula ukiisha hakuna kilichobaki kichwani.

Julai 1844 homa ikaingia nyumbani mwa Krapf. Rosine akafa, na mtoto wao mchanga naye akafa, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Yeye mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Angeondoka, nani angemlaumu? Alibaki na makaratasi yake.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakaweka makao Rabai. Toka hapo Krapf akawa mtu wa kutembea. Julai 1848 alishika njia ya bara kwenda Usambara kwa mfalme Kimweri, akipita nchi ya Wadigo, yaani huku kwetu Kwale. Na wewe unajua, neno la Mombasa ukilivusha Likoni linaweza kukuvunjikia mdomoni. Basi kila kijiji kilikuwa mtihani mwingine. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, na pia orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kinyika ikiwemo. Ndivyo walivyoziita lugha za Wamijikenda, jina ambalo wenyewe hawalipendi.

Halafu kuna ile kesi ya theluji. Mei 1848 Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile. Yule bwana hakuwa na jina lake, akasema tu ni baridi. Desemba 3, 1849, Krapf naye akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Kule London bwana mmoja, William Desborough Cooley, akakataa katakata: theluji karibu na ikweta? Cooley hakuwa mjinga, alikuwa amesoma vitabu vya Waarabu na Wareno kuliko wengi. Ila Afrika hajaikanyaga. Mlima Kenya ulikuja kuthibitishwa na Joseph Thomson 1883, Krapf akiwa kaburini miaka miwili.

Lakini usimfanye malaika. Kiswahili kilikuwa na maandishi yake ya Kiarabu kwa karne nyingi, yeye akashikilia herufi za Kirumi, sababu mojawapo ni kwamba hakutaka Uislamu upate nguvu kupitia maandishi. Na hii nayo aliishikilia baada ya kufunzwa na kadhi! Walimu wake wengine, wale wa vijijini waliomrekebisha bila malipo, hata majina yao huwezi kuyapata. Ukiniuliza mimi, nusu ya sifa ni yao.

Afya ilimrudisha Ulaya 1853. Akarudi huku muda mfupi 1862, kisha akatulia Korntal, Ujerumani, akiendelea kuandika hadi kifo chake Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Ukiifungua, neno halijakaa peke yake. Limewekwa ndani ya sentensi kama lilivyosemwa na watu, na mara nyingine anaeleza kirefu kitu chenyewe kinavyotumika. Mle ndani kuna Kimvita ambacho leo utakisikia kwa bibi yako tu, tena siku akikasirika.