Pasteur, mkemia aliyezima makali ya kichaa cha mbwa

KABLA ya mwaka wa 1885, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hakuwa na tiba ya kutegemewa. Jeraha lilichomwa kwa chuma cha moto, kisha jamaa wakabaki kumwomba Mungu. Aliyeleta matumaini hata hakuwa daktari.

Louis Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, mjini Dole, Ufaransa, mwana wa mtengenezaji ngozi. Akiwa mtoto huko Arbois, mbwamwitu mwenye kichaa alivamia eneo hilo na kuwauma watu. Ukubwani alipata sifa tele katika kemia, lakini misiba nayo haikumwacha: aliwazika mabinti watatu, na mnamo 1868 kiharusi kikampooza upande wa kushoto. Hata hivyo, hakuihama maabara.

Yeye na msaidizi wake, Emile Roux, walikausha ugwe wa uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, ili kudhoofisha maradhi na kupata chanjo.

Julai 6, 1885, mama mmoja kutoka Alsace aliwasili Paris na mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa siku mbili awali. Pasteur alijikuta njia panda. Chanjo haikuwa imejaribiwa vya kutosha, naye hakuwa na kibali cha kutibu watu. Daktari Grancher ndiye aliyemdunga mtoto sindano, 13 kwa jumla. Maradhi hayakumpata.

Novemba mwaka uo huo aliletwa Louise Pelletier, msichana wa miaka 10, siku 37 baada ya kuumwa kichwani. Pasteur alijua muda umeyoyoma, ila hakuwa na moyo wa kuwafukuza wazazi. Louise alifariki.

Pasteur mwenyewe aliaga dunia Septemba 28, 1895, na tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Hatima za watoto hao wawili zingali funzo kwetu. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Anayeumwa na aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, afike hospitalini siku iyo hiyo, na akamilishe sindano zote. Mbwa wa nyumbani nao wachanjwe. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwenye kuchelewa humkuta mwana si wake.