Jacques Lacan, daktari aliyeivunja shule aliyoijenga mwenyewe

Mapema mwezi Januari mwaka 1980, mamia ya madaktari, wanasaikolojia, walimu na hata mapadri nchini Ufaransa walipata barua yenye tarehe 5 ya mwezi huo. Aliyeiandika alikuwa mzee wa miaka 78, na habari aliyoitoa ilikuwa moja tu: shule waliyokuwa wanachama wake kwa takriban miaka 16, na ambayo yeye ndiye aliyeiasisi, ilikuwa inavunjwa. Hawakushauriwa. Aliyetaka kuendelea naye alitakiwa kumwandikia upya, mmoja mmoja.

Mzee huyo alikuwa Jacques Lacan, mchambuzi wa nafsi aliyevuma kuliko wote nchini mwake. Kwa msomaji asiyeifahamu fani hii, uchambuzi wa nafsi ni tiba iliyoasisiwa mjini Vienna na daktari Sigmund Freud. Mgonjwa hujilaza kwenye kochi na kusema lolote linalomjia, bila kuchagua maneno, na mtaalamu humsikiliza, mara nyingi kwa miaka. Hapana dawa wala kipimo cha damu. Ndiyo maana swali la nani anastahili kuketi nyuma ya kochi lile na kupokea siri za watu limewagawanya wachambuzi tangu mwanzo, na maisha ya Lacan, ukiyatazama vizuri, yalikuwa ugomvi mmoja mrefu juu ya swali hilo.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 13 Aprili mwaka 1901, mtoto wa kwanza katika familia ya Kikatoliki iliyotajirika kwa biashara ya siki. Mama yake alikuwa mcha Mungu sana, na mdogo wake aliingia utawa wa Mtakatifu Benedikto. Jacques mwenyewe aliiacha dini angali kijana. Inasimuliwa kwamba ukutani mwa chumba chake alibandika mchoro wa mpangilio wa kitabu kikuu cha Spinoza, mwanafalsafa aliyetengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi mjini Amsterdam mwaka 1656. Jina hilo tutalikuta tena.

Alisomea udaktari, kisha magonjwa ya akili katika hospitali ya Sainte-Anne. Mwezi Aprili mwaka 1931 mwanamke mmoja, mfanyakazi wa posta, alimvamia kwa kisu mwigizaji mashuhuri Huguette Duflos mlangoni mwa jumba la maigizo. Lacan alimchunguza mwanamke huyo kwa miezi mingi, akampa jina la bandia la Aimée, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1932 ikasimama juu ya kisa hicho. Kisa chenyewe hakikuishia hapo. Baada ya vita kuu ya pili, kijana aitwaye Didier Anzieu alikwenda kuchambuliwa na Lacan ili naye awe mchambuzi, na baadaye akagundua kwamba Aimée alikuwa mama yake mzazi. Anzieu alikuja kuwa miongoni mwa wakosoaji wakali wa mwalimu wake, na si rahisi kumlaumu.

Wakati Lacan anaingia katika fani hii, kanuni za kumwandaa mchambuzi zilikuwa zimekwisha kuwekwa. Chama cha kimataifa kiliundwa mwaka 1910. Mwaka 1920 Karl Abraham na Max Eitingon walifungua zahanati mjini Berlin, na humo ukakomaa utaratibu uliosambaa baadaye katika nchi nyingi: mwanafunzi achambuliwe kwanza yeye mwenyewe, ahudhurie masomo ya nadharia, kisha awatibu wagonjwa wake wa mwanzo chini ya jicho la mkubwa. Muda wa kikao ulizoeleka kuwa karibu dakika 50, mara kadhaa kwa wiki. Chama cha Paris kilizaliwa mwaka 1926. Lacan alichambuliwa na Rudolph Loewenstein, aliyefunzwa Berlin, kwa miaka sita hivi, na mwaka 1938 akapata uanachama kamili.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameonja mkono wa chama cha kimataifa. Katika mkutano wa Marienbad, mwaka 1936, alisimama kueleza nadharia yake kuhusu mtoto mchanga anayejitambua katika kioo. Mwenyekiti Ernest Jones alimkatiza baada ya dakika kumi hivi, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Mtu anaweza kuona katika tukio hilo dogo chanzo cha chuki aliyokuwa nayo Lacan dhidi ya saa, ingawa yeye alikuwa na hoja nzito zaidi.

Hoja yake ilikuwa hii. Mgonjwa anayejua kwamba ana dakika 50 hujifunza kuzijaza. Hupiga soga, husubiri, hujificha nyuma ya saa. Kikao chapaswa kukatwa pale neno lenye uzito linapotamkwa, ili mgonjwa aondoke nalo likimfanyia kazi moyoni. Kwa hiyo vikao vyake vikawa na urefu usiotabirika, na kwa kweli vingi vilikuwa vifupi. Wenzake walihesabu kwa namna yao: anayefupisha vikao huwapokea watu wengi zaidi kwa siku, huingiza fedha nyingi zaidi, na wanafunzi walio chini yake huongezeka kuliko wa mwingine yeyote. Aliahidi kurudi katika muda wa kawaida, wala hakurudi. Hapa, kwa maoni yetu, wakubwa wa chama walikuwa na haki ya kughadhibika, kwani mtu aliyewataka wengine waseme ukweli wote hakuwaambia wenzake ukweli.

Mgogoro ulipasuka mwaka 1953. Sacha Nacht, kiongozi wa chama cha Paris, alitaka kufungua chuo chenye ratiba kali na mitihani, kikielemea upande wa madaktari. Wanafunzi waliokuwa wakilipa ada kubwa waliasi kwa kutendewa kama watoto wa shule. Mwezi Juni, Daniel Lagache, Françoise Dolto na wengine wachache walijiuzulu na kuunda chama kipya, naye Lacan akawafuata. Walichosahau kukiuliza ni kwamba kuondoka katika chama cha Paris kulimaanisha pia kupoteza uanachama wa kimataifa. Walijikuta nje usiku mmoja, na miaka kumi iliyofuata waliitumia kubisha hodi.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo sifa za Lacan zilipopanda. Kila wiki alifundisha katika ukumbi wa Sainte-Anne, akisoma maandishi ya Freud mstari kwa mstari kwa kutumia taaluma ya lugha. Alishikilia kwamba ile sehemu ya nafsi tusiyoifahamu ina mpangilio kama ulio katika lugha, na kwamba dalili za mgonjwa husomwa kama yasomwavyo maneno. Ufundishaji wake ulikuwa mgumu kueleweka, na wapo walioamini kwamba ugumu huo ulikuwa wa makusudi.

Chama cha kimataifa kilituma kamati mjini Paris kuwahoji wanafunzi wake. Jibu lilipatikana katika mkutano wa Stockholm mwaka 1963: chama kipya kitatambuliwa, kwa sharti kwamba jina la Lacan lifutwe katika orodha ya wanaoruhusiwa kuwafunza wengine. Angeweza kubaki mwanachama na kuwatibu wagonjwa, ila asizalishe wachambuzi. Kufikia mwezi Novemba wengi wa wenzake, wakiwamo waliochambuliwa naye, walikuwa wamelikubali sharti hilo. Tarehe 20 Novemba alifundisha kikao kimoja tu cha somo jipya, akalifunga somo hilo asilirudie tena.

Mwezi Januari mwaka 1964, kwa msaada wa mwanafalsafa Louis Althusser, alipata ukumbi katika chuo cha École normale supérieure. Huko aliyalinganisha yaliyompata na kutengwa kwa Spinoza, kana kwamba chama cha madaktari kilikuwa kanisa. Tarehe 21 Juni mwaka huo aliasisi shule yake, ambayo baadaye iliitwa École freudienne de Paris.

Shule hiyo haikufanana na vyama vingine. Ilimpokea asiye daktari, mwanafalsafa na padri. Masomo yalifanywa katika vikundi vya watu watatu hadi watano, pamoja na mmoja wa ziada wa kuwachochea. Mwaka 1967 Lacan alipendekeza jambo lililozua mtafaruku mkubwa. Kwa fikra yake, hakuna kamati iwezayo kumfanya mtu kuwa mchambuzi; uamuzi huo humtoka mhusika mwenyewe. Lakini shule inaweza kumwomba asimulie jinsi alivyofika hapo. Anayetaka huwasimulia wenzake wawili, nao huyapeleka masimulizi hayo mbele ya jopo ambalo yeye halioni. Utaratibu huo alioupa jina lenye maana ya kuvuka, yaani kivuko, uliwafukuza baadhi ya wafuasi wake wa karibu. Piera Aulagnier, François Perrier na Jean-Paul Valabrega walijitenga mwaka 1969 na kuunda kundi lao. Mwaka 1978 Lacan mwenyewe alikiri hadharani kwamba kivuko hicho kilikuwa kimeshindwa.

Kwa msomaji Mwafrika kuna jambo moja la kukumbukwa. Katika semina yake ya mwaka 1969 na 1970, Lacan alieleza kwamba mara baada ya vita aliwachambua watu watatu waliokulia Togo. Alitarajia kukuta ndani yao mila na imani za kwao; badala yake alikuta nafsi iliyopangwa kwa mfano wa familia ya Kizungu aliyoieleza Freud, na akahitimisha kwamba hata sehemu hiyo ya ndani kabisa waliuziwa na ukoloni pamoja na sheria zake. Hakuiendeleza hoja hiyo, na hilo ni hasara.

Katika miaka yake ya mwisho vikao vilifupika hadi dakika chache, na semina zikajaa michoro ya vifundo vya kamba. Alisema kidogo, mara nyingine hakusema kabisa. Barua ya Januari 1980 iliwapeleka baadhi ya wanachama mahakamani, wakidai kwamba mtu mmoja hawezi kukifuta chama kilichosajiliwa. Ikabidi kura ipigwe, na mwezi Septemba shule ikavunjwa rasmi. Alifariki dunia mjini Paris tarehe 9 Septemba mwaka 1981, akazikwa Guitrancourt, kijiji alikokuwa na nyumba ya mapumziko.

Wafuasi waligawanyika papo hapo. Mkwewe, Jacques-Alain Miller, ndiye aliyeachiwa kazi ya kuzihariri semina, na kundi lake likajikusanya katika École de la Cause freudienne. Wengine walianzisha vyama vyao, vikubwa na vidogo, kutoka Paris hadi Buenos Aires. Nchini Ufaransa serikali haijawahi kutoa cheti cha mchambuzi wa nafsi. Sheria ya mwaka 2004, ilipowawekea masharti wanaotumia cheo cha mtaalamu wa tiba ya saikolojia, iliwataja wachambuzi wa nafsi kwa namna moja tu: wale walioandikwa katika orodha za vyama vyao.