Msomi Aliyefia Magotini: Ludwig Krapf na Kijana Wako Anayetaka Kusomea Biblia



Katika ushirika wetu, upande huu wa mpaka na upande ule, kuna jambo linalorudi kila matokeo ya mtihani yakitoka. Kijana aliyeokoka, anayefunga na kuomba, anawaambia wazazi wake kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea Biblia na dini. Angetaja udaktari au sheria, tungemwekea mikono na kumchangia nauli. Kwa hili tunaguna. Eti atapoa. Eti maprofesa watamnyang'anya wokovu. Hofu hiyo si ya bure, maana wapo walioondoka na moto wakarudi na majivu. Lakini kabla hujamjibu mwanao, hebu yatazame maisha ya mtu ambaye jina lake umelisikia tangu shule ya msingi: Johann Ludwig Krapf.

Wengi tunamjua kama Mzungu aliyefika Mombasa na kuuona Mlima Kenya. Tunachokisahau ni kwamba alikuwa mtu wa chuo kikuu, na kwamba kazi yake kwetu hutaielewa vizuri ukikiacha kipande hicho.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji kilicho jirani na mji wa Tübingen, Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Akiwa na miaka 11 jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya, akaugua kwa miezi. Kitandani alishinda akisoma Biblia. Alipopona akapelekwa shule mjini, na huko ramani ya Afrika yenye nafasi tupu ikamkaa moyoni.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Hapa usikilize vizuri, kwa sababu si kila kupoa huletwa na maprofesa. Krapf alivurugwa na vitabu vya kiroho! Alizama katika maandishi ya watu waliotafuta kuungana na Mungu kwa njia za ndani mno, hata akaona hafai kabisa kuwa mmisionari, akaondoka. Bidii alikuwa nayo. Alichokikosa ni msingi wa kupimia anachokisoma.

Basi akaenda kusoma teolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akamaliza mwaka 1834. Na Tübingen ya miaka ile haikuwa mahali pepesi. Alikuwepo Profesa Ferdinand Christian Baur, aliyeyapima maandiko ya Agano Jipya kama mtu anavyozipima hati za kale. Alikuwepo pia mwalimu kijana, David Friedrich Strauss, ambaye mwaka 1835 alitoa kitabu kuhusu maisha ya Yesu kilichowatikisa Wakristo wa Ulaya nzima. Kama kuna chuo ambacho mzazi wa leo angekikataa, ni hicho. Krapf alitoka humo akiwa bado anaamini. Muda si mrefu mmisionari Mswidi, Peter Fjellstedt, akamtia moyo, na ule wito wa zamani ukawaka tena. Mwaka 1837 alianza safari ya Ethiopia, akitumwa na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS.

Kule Ethiopia usomi wake ulianza kuzaa. Alikusanya hati za kale za Kigeezi, lugha ya ibada ya kanisa la nchi ile, nyingine akazipeleka Tübingen. Mwaka 1842 chuo chake kikamtunuku udaktari. Lakini mwaka huo huo mlango wa Ethiopia ulimfungia, akageukia pwani yetu.

Alifika Unguja Januari 1844, Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na mwezi wa Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine, aliyekuwa mjamzito. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Katika kazi hiyo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Ebu fikiri: mwenye udaktari wa Ulaya anaketi kujifunza lugha kwa sheikh wa Kiislamu, ili neno la Mungu likae sawasawa katika kinywa cha wenyeji. Elimu ya kweli haimfanyi mtu aone haya kuuliza.

Mwezi uliofuata, Julai, homa iliingia nyumbani. Rosine akafa, na mtoto wao wa kike aliyekuwa amezaliwa siku chache tu akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi. Mke akazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwanamume yule angeweza kupanda jahazi arudi kwao, na nani angemlaumu? Akaendelea kutafsiri. Kwa hiyo anayesema kwamba kusomea dini lazima kuzime moto, mwambie aende kwenye kaburi lile.

Sasa, chuo kilimsaidia nini? Chukua mfano mmoja. Katika Mwanzo 1:2 Kiebrania kina neno *ruach*, ambalo ni upepo, ni pumzi, na ni roho. Neno letu *roho* limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa neno hilo la Kiebrania. Asiyejua lugha za Biblia hupita hapo bila kuona kitu. Sisi tunaohubiri habari za Roho Mtakatifu kila Jumapili tungepaswa kuwa wa kwanza kutaka kulichimba neno kama hilo.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfikia, wakafungua kituo cha Rabai. Krapf alitembea hadi Usambara kwa mfalme Kimweri mwaka 1848. Mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani, na baadhi ya wasomi wa Ulaya hawakumsadiki. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1850, na ilichapwa wapi? Tübingen. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshalala.

Hakuwa mkamilifu. Waliookoka mikononi mwake walikuwa wachache, mipango yake mingi haikutimia, na aliwatazama mababu zetu kwa jicho la Mzungu wa wakati wake. Shahada haiondoi hayo. Lakini leo ndugu wa Kenya, Tanzania na Uganda tunapofungua Biblia ya Kiswahili katika kongamano moja, tunatembea katika njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa waliofyeka vichaka vyake.

Alirudi Ujerumani, akaendelea na kazi ya Maandiko ya lugha za Ethiopia mpaka uzee. Tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal, walimkuta amekufa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Daktari wa Tübingen, magotini!

Basi mpendwa, mwanao akikuambia anataka kusomea Biblia, usianze na kumkataza. Muulize anakwenda kutafuta nini. Mtafutie mtu mzima wa kuomba naye na kumpigia simu pale darasa litakapomtikisa, maana litamtikisa. Akirudi likizo, mpe nafasi afundishe, na wewe uketi usikilize, umuulize maswali magumu. Kijana anayepoa chuoni mara nyingi alipelekwa peke yake. Tusimpeleke peke yake.

Mungu aubariki ushirika wetu katika maadhimisho haya, na awainue wasomi wanaojua kupiga magoti.